Otopailoti kwenye boti ndogo ya tanga, kwa anayesafiri peke yake

Nikimwambia mtu kwamba huwa navuka kutoka Tanga kwenda Pemba peke yangu na boti ya tanga ya futi 26, swali la kwanza ni lile lile, sasa ukitaka kula, ukitaka kukunja tanga, ukitaka kwenda haja, usukani anashika nani? Nikijibu otopailoti, mashine inayoshika usukani yenyewe, basi mtu anatingisha kichwa kama ameelewa, anadhani ni kama kwenye filamu za ndege, unabonyeza kitufe unaenda kulala mpaka ufike. Hapo ndo shida inapoanzia, kwa sababu hata wenye maboti wenyewe nimewaona wananunua hii mashine kwa hela nyingi halafu miezi mitatu mbele wanailaumu, haifai, inayumbisha boti, inamaliza betri, na ukienda kuangalia unakuta mashine haina kosa kubwa, walikuwa wanaidai kazi isiyo yake. Kwa hiyo nataka nieleze taratibu hii kitu inafanya nini, inashindwa wapi, na kwa nini nusu ya kazi yake inatakiwa iwe imeshafanyika kwenye matanga kabla hujaigusa.

Tuanze na yenyewe. Boti ndogo nyingi zina kana, ule mkono wa mbao unaoushika kugeuza usukani, na otopailoti ya boti yenye kana ni boksi refu la plastiki, urefu wake kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ndani kuna mota ndogo ya volti 12 inayozungusha skrubu ndefu, na skrubu inasukuma fimbo ya chuma itoke nje au irudi ndani. Upande wa nyuma wa boksi unachomekwa kwenye tundu ubavuni mwa boti, ncha ya fimbo unaivalisha kwenye pini iliyofungwa juu ya kana, basi, hakuna kingine. Fimbo ikitoka kana inasukumwa, ikirudi kana inavutwa, na mchana kutwa unasikia ngiii, kimya, ngiii ngiii, kimya. Juu yake kuna vitufe vichache tu: STANDBY, AUTO, na vingine vinne vya kuongeza au kupunguza digrii 1 au digrii 10. Dira ya kielektroniki iko humo humo ndani. Unaelekeza omo, yaani mbele ya boti, unakotaka, unabonyeza AUTO, inasoma dira, inashika ule upande uliokuwa unaelekea wakati ule, na kuanzia hapo kila omo ikihama inajaribu kuirudisha.

Nguvu yake sio ndogo ukilinganisha na umbo. Hizi mbili zinazoonekana sana kwenye maboti madogo, Raymarine ST1000 na ST2000, ya kwanza inasukuma mpaka kama kilo 57, ya pili kama kilo 77. Lakini nguvu hiyo inategemea pini umeiweka wapi. Maelekezo yanataka pini iwe sentimita 46 kutoka pale usukani unapozungukia, na watu hawapimi, wanaiweka panapowafaa wao. Ukiisogeza karibu na usukani, fimbo ikitoka kidogo tu usukani unageuka sana, halafu mashine inahangaika kwa sababu inasukuma mahali pazito. Ukiipeleka mbali inasukuma kwa urahisi ila usukani haugeuki vya kutosha. Sentimita 46, chukua futikamba, pima, weka alama na kalamu, ndo utoboe.

Sasa akili yake, hapa ndo penye utamu.

Mi nilijifunza kushika kana kwenye ngalawa ya mjomba wangu. Kitu kilichokuwa kinanishangaza ni kwamba yeye alikuwa anasogeza kana kabla mimi sijaona chochote. Tuko tunaenda, anamenya chungwa, kana ameibana na paja, ghafla paja linasogea nchi moja, sekunde mbili baadaye wimbi linatuinua shetri, yaani nyuma ya chombo, chombo kinataka kugeuka, lakini hakigeuki kwa sababu usukani umeshatangulia. Akinipa mimi, nasubiri omo ihame ndo nivute kana, omo inarudi, inapitiliza upande wa pili, navuta tena, inapitiliza tena, tunaacha njia ya nyoka nyuma yetu. Na siku nyingine alikuwa anashika kana ikiwa imekaa upande kidogo muda wote, saa nzima, kwa sababu siku hiyo upepo ulikuwa unakisukuma chombo upande mmoja bila kupumzika.

Baadaye sana ndo nikaja kusoma kwamba mwaka 1922 kulikuwa na mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, Nicolas Minorsky, aliyekuwa anashughulika na jinsi ya kuendesha meli za kivita za Marekani bila mtu kushika usukani, na yeye alianza kwa kuwaangalia mabaharia wanaoshika usukani wanafanyaje. Akagundua mtu mzoefu anatazama mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, chombo kimetoka njiani kwa kiasi gani sasa hivi. La pili, kinageuka kwa kasi gani, maana omo ikikimbia kwa kasi lazima uanze kuizuia mapema kabla haijafika mbali, na ikiwa inarudi kwa kasi lazima ulegeze kabla haijapitiliza. La tatu, kosa la muda mrefu lililojikusanya, yaani kama kwa dakika kumi chombo kimekuwa kinaegemea kushoto tu basi kuna kitu kinakisukuma na usukani unatakiwa ukae upande moja kwa moja. Akayageuza hayo matatu kuwa hesabu, na hesabu hiyo ndo iko mpaka leo ndani ya lile boksi la plastiki, na ndani ya mashine nyingine kibao za viwandani zisizo na uhusiano wowote na bahari. Nilipoyasoma yale nilimuona mjomba na chungwa lake, yote matatu yalikuwa kwenye paja lake.

Ukishaelewa haya matatu basi zile setingi zinazowachanganya watu zinakuwa nyepesi. Geini ni ukali wa kuitikia, yaani omo ikihama digrii 5 mashine igeuze usukani kwa kiasi gani. Ikiwa juu sana boti inakuwa kama mimi siku za kwanza, njia ya nyoka, fimbo haipumziki. Ikiwa chini sana boti inazurura kwanza ndo inarudishwa. Jinsi ya kuipima: nenda maji tulivu kwa injini, weka AUTO, halafu mpe amri ageuke digrii 40 mara moja, uangalie akifika anapitiliza kiasi gani. Akipitiliza zaidi ya digrii 5 punguza geini, akifika kwa kujikokota mpaka unachoka kusubiri ongeza. Rudia mara kadhaa, nusu saa imeisha, umemaliza kazi ambayo wengi hawajawahi kuifanya tangu wanunue. Setingi nyingine ni ile ya hali ya bahari, inaiambia mashine ipuuze kuyumba kudogo. Kwenye mawimbi omo inaenda kushoto digrii 4 inarudi yenyewe, inaenda kulia inarudi, na baharia mwenye akili anaiacha tu kwa sababu anajua itarudi. Mashine usipoiambia itafukuzia kila wimbi, itakula betri na kulegeza gia zake bure.

Mashine mpya zina sensa za ziada humo ndani, jairoskopu na vinginevyo, zinazohisi mzunguko wa boti papo hapo bila kusubiri dira itulie, na hizo zinakaribia zaidi lile paja la mjomba. Kuna hata programu ya bure inaitwa pypilot ambayo mafundi wanaiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi wanajitengenezea otopailoti wenyewe. Lakini hata ile bora kuliko zote inahisi wimbi likishafika. Wewe ukigeuza shingo unaliona linakuja, yenyewe haioni. Ndo maana mawimbi ya nyuma ndo mtihani wake mkubwa, upepo nyuma, wimbi linainua shetri na kuipeleka upande, mashine inachelewa sekunde moja mbili, na kama tanga limefunguliwa lote na upepo uko nyuma kabisa, sekunde hizo zinatosha upepo ukalishika tanga kwa upande wa pili na ile boriti ya chini ya tanga ikavuka boti kwa nguvu ya kuvunja kichwa cha mtu. Mi upepo ukiwa nyuma siiachii otopailoti njia iliyonyooka na upepo, naelekeza omo pembeni digrii 20 hivi, safari inakuwa ndefu kidogo lakini tanga linabaki limejaa upande mmoja, na hiyo boriti naifunga kamba ya kuizuia isivuke.

Sasa nije kwenye kile ninachokiamini kuliko vyote kwenye suala hili, kwamba usukani unatakiwa uwe kazi ya mwisho na matanga ndo ya kwanza. Boti ya tanga inageuzwa na matanga kabla ya usukani. Tanga kubwa la nyuma likiwa na upepo mwingi linasukuma shetri, omo inapanda kuutafuta upepo. Tanga la mbele likizidi, omo inashuka, yaani inaukimbia upepo. Ukiwa na tanga kubwa limejaa kupita kiasi na boti imelala ubavu, unakuta kana umeivuta kwa mikono miwili mpaka kifuani ili boti isipande joshi, yaani upande upepo unakotoka, halafu mtu katika hali hiyo ndo anaiwekea otopailoti! Usukani umesimama kimshazari majini kama breki, boti inapunguza mwendo, mota inasukuma mzigo bila kupumzika, betri inashuka, na ikipigwa dharuba moja fimbo inafika mwisho wake haina tena pa kwenda, boti inageuka kwenye upepo, matanga yanapigapiga, na mtu anatukana mashine.

Dawa ni kukunja tanga kubwa mapema, kulegeza demani, ile kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, kidogo, kusawazisha mpaka ukishika kana kwa vidole viwili unahisi inavuta kidogo tu. Jaribio langu ni hili, naachia kana kabisa nahesabu. Boti ikienda moja kwa moja hatua kadhaa halafu ikaanza kupanda upepo polepole, sawa, nachomeka mashine. Ikiruka kupanda upepo mara tu ninapoachia, bado sijamaliza kazi ya matanga. Siku boti ikikaa sawa utasikia kwa masikio, ngiii moja, halafu kimya kirefu unaweza kunywa kikombe cha chai, halafu ngiii nyingine.

Na kama unafikiri natia chumvi kuhusu matanga, Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, mwaka 1895 mpaka 1898, hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa anafunga usukani kwa kamba. Kwenye kipande cha kutoka kaskazini ya Australia mpaka visiwa vya Keeling katika Bahari yetu hii ya Hindi, maili 2,700, siku 23, aliandika kwamba hakushika usukani zaidi ya saa tatu kwa jumla. Boti yake, Spray, ilikuwa na mkuku mrefu, ule uti wa chini ya boti, na alijua kuisawazisha. Boti za siku hizi zina mkuku mfupi, zinageuka haraka, raha kuziendesha ila hazikai njiani zenyewe kama ile, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kamba peke yake itatutosha, lakini kanuni ni ile ile.

Katikati ya Slocum na umeme kuna mashine ya upepo, kibao kinachosimama nyuma ya boti kama bendera, upepo ukikilaza kinageuza kasia lililo majini, na nguvu ya maji yanayopita ndo inavuta kana. Haili umeme hata chembe, na upepo ukizidi na boti ikikimbia yenyewe ndo inapata nguvu zaidi, kinyume kabisa na ya betri. Mwingereza Blondie Hasler alitumia ya kwake kwenye boti ndogo ya Jester mwaka 1960, kwenye mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki peke yako, na Francis Chichester aliyeshinda kwa siku 40 naye alikuwa na ya kwake. Robin Knox-Johnston alipozunguka dunia bila kusimama, 1968 mpaka 1969, siku 312, boti yake iliitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia Waarabu wanaupa upepo wa kusini-mashariki, na mashine yake ya upepo ilivunjika akiwa maeneo ya Australia, akamalizia sehemu kubwa iliyobaki kwa kusawazisha matanga na kushika usukani mwenyewe. Kwa safari ndefu mashine ya upepo ndo chaguo langu bila kusita. Kwa safari ya siku moja pwani, ile ya umeme inatosha, ni rahisi kuifunga na inafanya kazi hata ukiwa unatumia injini, ambapo ile ya upepo inachanganyikiwa.

Haya, twende Pemba, maana kuna kosa moja la otopailoti linaloeleweka vizuri zaidi ukiwa na ramani mbele yako. Tanga mpaka Mkoani, bandari ya Pemba, ni maili za baharini kama 37, uelekeo kama digrii 118, mashariki ikiinamia kusini. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, safari hii ni ya kubisha tu, upepo unakutazama usoni, kwa hiyo mi naivuka msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, upepo unaingia ubavu wa kushoto kwa mbele, boti inatembea noti 5, kama kilomita 9 kwa saa, saa saba na nusu umefika. Unaweka 118, unabonyeza AUTO, unapika chai. Mashine inashika 118 vizuri kabisa, dira haihami, na wewe unajiona umefika.

Tatizo maji yenyewe yanatembea. Mkondo wa pwani yetu unaenda kaskazini mwaka mzima, msimu wa kusi ukiwa mkali zaidi, wa kaskazi ukipungua lakini haugeuki. Tuseme leo ni noti 1 tu. Kwa saa saba umebebwa maili 7 kaskazini na dira haijakuambia chochote, kwa sababu omo bado inatazama 118, ila boti nzima inatembea kimshazari kama kaa. Ulilenga Mkoani, unajikuta usawa wa mji wa Chake Chake, na mbele yako sio bandari, ni kisiwa cha Misali na miamba yake. Ukitaka kufika ulikolenga inabidi omo iinamie kusini zaidi, kwenye mfano huu kama digrii 10, uwe unaelekea 128 ili utembee 118. Kushika omo ni kitu kimoja na kushika njia ni kitu kingine. Otopailoti ukiiunganisha na GPS inaweza kushika njia, inaona imesukumwa inajirekebisha yenyewe, ila na hiyo ina hatari yake, kwamba inaifuata laini bila kujali upepo, upepo ukigeuka tanga linapigapiga au linapinduka, yenyewe inang'ang'ania laini tu. Na kama laini uliyochora kwenye simu inapita juu ya mwamba, itakupeleka juu ya mwamba kwa usahihi wa ajabu.

Aina ya tatu ni kushika upepo, unaiunganisha na sensa ya upepo inaweka boti kwenye pembe ile ile na upepo siku nzima. Kwa matanga hii ndo tamu kuliko zote, hasa ukiwa unabisha, hakuna tanga kulegea. Lakini upepo wa pwani unazunguka, alfajiri upepo wa umande unatoka bara, mchana unakuja wa bahari, na upepo ukizunguka digrii 40 boti nayo inazunguka digrii 40 kimya kimya, wewe uko chini unasoma kitabu. Kwa hiyo aina zote tatu kila moja ina upofu wake na hakuna inayokuondolea kazi ya kuangalia uko wapi kila baada ya muda.

Kwenye kubisha kuna msaada mmoja ambao kwa mtu wa peke yake ni mkubwa sana, mashine nyingi ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja inageuza boti yenyewe kupita kwenye upepo, digrii 100 hivi, na wewe mikono yote miwili iko huru kuachia demani ya upande mmoja na kuvuta ya upande wa pili. Kabla ya hapo nilikuwa nageuza kwa kubana kana na magoti nikivuta kamba kwa meno, nasema kweli.

Umeme nitapita haraka. Mashine hizi ndogo zinakula wastani wa ampea nusu mpaka moja na nusu kutegemea bahari na jinsi ulivyosawazisha matanga. Chukua moja, kwa saa 24 ni ampea-saa 24, na betri ya asidi ya 100 usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una siku mbili kabla ya kuhesabu taa, redio na simu. Sola ya wati 100 kwa jua letu inarudisha karibu ampea-saa 28 kwa siku nzuri, inatosha, ila paneli isiwe kwenye kivuli cha tanga. Nyaya ziwe nene, nyaya nyembamba volti inashuka mota ikianza kusukuma na mashine inajizima katikati ya wimbi, ukidhani imekufa kumbe ni waya wa elfu mbili.

Na dira yake iogope chuma na sumaku. Siku moja ndani ya ghuba ya Tanga nilikuwa na mpwa wangu, bahari shwari, mashine inaenda safi kabisa, mara boti ikaanza kugeuka kushoto, nikabonyeza kurudisha digrii 10, ikagoma, nikaongeza, tukawa tunaelekea kwenye meli zilizotia nanga. Nimeshika STANDBY naanza kukagua nyaya, ndo namuona kijana ameweka spika yake ya bluetuthi pale pembeni, shibiri moja tu kutoka kwenye boksi. Spika ina sumaku. Akaiondoa, tukabonyeza AUTO tena, ikaenda kama hakuna kilichotokea. Kuanzia siku hiyo kwenye sehemu ile hakai simu, hakai kisu, hakai bisibisi.

Sasa suala la macho, na hapa naomba msomaji anisikilize. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, kanuni ya 5, zinataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote, hazijasema isipokuwa kama una otopailoti. Meli kubwa inatembea noti 18, wewe 5, mkitazamana mnakaribiana kwa noti 23, na kutoka pale ulipoiona mbali kama maili 8 mpaka ikufikie ni dakika 21. Ndo maana wanaosafiri peke yao wanaweka alamu ya dakika 15, inalia, unapanda juu, unazungusha macho pande zote taratibu, sio kutupa jicho tu, unarudi. Hiyo ni kwa bahari kuu. Kwetu hata dakika 15 naona ni nyingi, kwa sababu usiku kati ya Tanga na Pemba kuna ngalawa na mitumbwi ya wavuvi haina taa, au ina tochi moja wanayoiwasha wakishasikia maji ya omo yako yanawajia. Hivi vifaa vinavyoonyesha meli kwenye skrini haviwaonyeshi hawa, hawana hiyo mitambo. Ni mtu na mwanawe wamelala juu ya nyavu zao, na otopailoti yako itawapitia juu ikiwa imeshika 118 sawasawa. Mi usiku kwenye maji hayo sishuki chini kabisa, mashine inashika kana, mimi nimekaa nje natazama mbele, na kwa kweli hiyo ndo faida yake kubwa kwangu, inaniachia macho yangu.

Halafu kuna kuanguka majini. Ukiwa na wenzako ukianguka watageuza. Ukiwa peke yako bila otopailoti, boti nyingi kana ikiachiwa zinapanda upepo zinasimama, una bahati ya kuifukuzia. Ukiwa na otopailoti boti inaendelea, noti 5 ni mita zaidi ya 150 kwa dakika moja, hakuna muogeleaji wa kuipata. Kwa hiyo mkanda na kamba fupi iliyofungwa kwenye boti, tangu unapotoka bandarini, mchana na usiku, hata ukiwa unachota maji kwa ndoo. Kamba iwe fupi kiasi kwamba ukiteleza ubaki juu ya boti, maana ukishaburuzwa majini kwa noti 5 kupanda peke yako ni shida kubwa.

La mwisho, itakufa tu. Maji ya chumvi yanaingia pale fimbo inapotokea, na haijalishi kwenye boksi wameandika nini. Mi ya kwangu nimeishonea mfuko wa turubai na bado Januari moja, Tanga tumeiacha saa 11 alfajiri, maili kama 12 kabla ya Mkoani, mawimbi mafupi yamerusha maji juu yake asubuhi nzima, ikalia mara mbili ikanyamaza fimbo imetoka nusu. Nikaichomoa, nikaiweka kivulini. Nikakunja tanga kubwa mkunjo mmoja zaidi, boti ikatulia. Halafu nikachukua demani ya tanga kubwa, nikafunga kamba ndogo katikati yake, nikaipitisha kwenye kapi ya upande wa upepo nikaifunga kwenye kana, na upande wa pili wa kana nikafunga mpira wa tairi la baiskeli uliokatwa, ule ule wa kufungia mizigo. Upepo ukiongezeka au omo ikipanda, demani inakaza, inavuta kana upande wa upepo, boti inashuka. Upepo ukipungua, mpira unashinda, unarudisha kana, boti inapanda tena. Ilinichukua kama dakika 20 kupata mkazo sahihi, nikilegeza hapa nikikaza pale, nikisogeza fundo nusu shibiri, mpaka ikashika. Ilikuwa inapinda pinda zaidi ya ile ya umeme lakini ilienda, saa moja na nusu bila mimi kugusa, nikala wali wangu wa asubuhi uliopoa. Kisha nikaanza kuona maboya ya nyavu, moja moja, halafu mengi, nikafungua mpira nikashika kana mwenyewe mpaka Mkoani.